Vigelegele vya Bibi Mjini Chennai

Kuna duka moja Queensbury, hatua chache kutoka kituo cha treni, linalouza kila kitu cha Kihindi, kuanzia bamia mpaka udi. Jumamosi iliyopita niliingia kununua maziwa. Nilipofungua friji, harufu ikanipiga usoni: asumini. Zilikuwa zimetungwa kwenye uzi, zimeviringwa ndani ya mfuko wa plastiki, zimewekwa baina ya mtindi na jibini kama mboga tu. Niliufunga mlango wa friji kwa kishindo hata mwenye duka akaniuliza kama nimeona panya. Nikatoka bila maziwa. Mimi mtu mzima, mwenye funguo za gari mkononi, nikasimama nje kwenye baridi kama mtoto aliyefumaniwa jikoni.

Sasa nikwambieni kisa chenyewe, na msinihukumu mpaka nimalize.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa hapa hapa Queensbury, mtaa ambao majirani zetu Wahindi, waliotoka Kampala na Nairobi, walikisema Kiswahili vizuri kuliko mimi. Mimi nilikisikia chote ila nikijibu kwa Kiingereza. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa Unguja, na kila Ijumaa alinisalimia kwenye simu: "Mke mwenza, hujambo?" Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kike hivyo, kwa sababu wote wawili mume wao ni mmoja, yaani Babu. Mimi nikaenda kumweleza mwalimu wangu, kwa fahari kabisa, kwamba nina mke mwenza wa miaka sitini na tano. Mama aliitwa shuleni siku ile ile kwenda kujieleza.

Likizo ya kiangazi mwaka ule Baba akatangaza kwamba tunakwenda India, mji wa Chennai, kusini huko pwani, na kwamba tutapita Unguja kumchukua Bibi. Mama hakupata ruhusa kazini. Alikuwa akiwatunza wazee katika nyumba moja Harrow. "Tunakwenda kutembea," Baba alisema, "na tukishafika, Bibi ataangaliwa na hilo tumbo lake." Kwa Mzanzibari yeyote mwenye akili timamu, kusikia fulani anapelekwa India kuna maana moja tu, kwamba ugonjwa wake umewashinda madaktari wa nyumbani, na watu huambizana hilo kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa mtoto wa Queensbury. Nilipakia nguo za kuogelea na miwani ya jua.

Bibi Rukia hakuwa mtu wa mchezo. Alikuja na sanduku limejaa mchele, pilipili za kusaga na birika lake mwenyewe, kwa sababu, alisema, hawezi kunywa chai kwenye chombo asichokijua. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake haukupungua hata kidogo. Alipofika Chennai alimkemea mpishi wa hoteli, akawakemea kunguru dirishani, kisha akanikemea mimi kwa kumjibu Kiingereza. "Mimi huyu ni Malkia?" aliniuliza. "Sema nami kwa lugha yangu." Basi nikaanza kukokota Kiswahili changu kama mtu anayejifunza baiskeli, na yeye akinicheka kila nikianguka.

Mji ule ulinitia wazimu kwa siku ya kwanza tu. Honi hazikunyamaza. Kila kona haradali zilikuwa zikipasuka kwenye mafuta ya moto. Joto lilikubandika nguo mwilini kabla hujamaliza kufunga vifungo. Lakini kilichomduwaza Bibi ni asumini. Kila mwanamke aliyepita alikuwa nazo kichwani: muuguzi, mfagia barabara, bibi mzee aliyening'inia kwenye mlango wa basi saa mbili asubuhi. Mnajua kwetu asumini zina wakati wake. Ni mambo ya harusi na ya chumbani, ya mwanamke na mumewe. Bibi aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Kweupe hivi?" alisema. "Wote hawa wana harusi leo?" Kila tulipopita maua, alisema harusi, na mimi nikaamini kwamba mji mzima unaoana.

Siku mbili tulishinda hospitali. Walimpiga picha, wakamtoa damu, wakampitisha kwenye mashine. Siku ya tatu tukaitwa na daktari, mwanamme wa makamo mwenye miwani. Mimi nilikaa kwenye kiti baina ya Baba na Bibi, miguu yangu ikining'inia. Daktari alizungumza Kiingereza, taratibu na kwa adabu. Alisema ugonjwa ulianzia tumboni na sasa umeshafika kwenye ini. Alisema kumpasua itakuwa kumtesa bure. Alisema mrudisheni nyumbani, mkae naye, ni miezi tu, pengine michache. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya kwenda stesheni. Bibi alitengeneza buibui lake na kuwatazama midomo, mara huyu, mara yule.

Kisha Baba akamgeukia, akitabasamu. Wallahi alitabasamu. "Mama, alhamdulillah! Ni vidonda vya tumbo tu. Atakupa dawa, na ndege yetu ni baada ya siku nne, kwa hivyo nitakutembeza mji mzima."

Nyinyi hamumjui Baba yangu. Huyu ni mtu aliyenishika mkono akanipeleka kwa jirani kukiri kwamba chungu chake cha maua kimevunjwa na paka wetu, na jirani mwenyewe wala hajauliza. Nilimtazama usoni nikatafuta mzaha, sikuuona. Tulipotokea ukumbini alininong'oneza: "Sabra, usimwambie Bibi. Kwetu mgonjwa haambiwi. Akijua, atakata tamaa na atakufa upesi." Maneno hayo ya mwisho yawekeni akilini, kwa sababu mimi niliyaweka, tena vibaya.

Basi tukatembezwa. Jamani, nani ametembezwa kama sisi? Baba alikodi teksi ya dereva mmoja mwembamba, jina lake Selvam, akatupeleka Marina, ufuko wa mchanga mpana kiasi kwamba ukishuka garini unatembea mpaka uchoke ndipo uyafikie maji. Watu walikuwa maelfu, lakini waogeleaji hakuna. Wanawake waliingia baharini na nguo zao zote, wakishikana mikono, wakipiga mayowe kila wimbi likija. Bibi alifurahi sana na heshima hiyo. Alikula muhindi wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, akasema Wahindi wametuibia. Tulisimama chini ya mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe. Baba akataka tupande, Bibi akamwambia apande yeye, atamwona vizuri kutoka chini. Tuliona kanisa jeupe ambalo wanasema lina kaburi la mwanafunzi wa Nabii Isa. Tuliona ngome ya Waingereza, na Bibi akauliza kwa nini walijisumbua kuja mbali hivi na kujenga vibaya hivi.

Kila mahali Baba alikuwa na kamera. "Mama, cheka!" Na Bibi hakuwa na desturi ya kucheka kwenye picha. Baba aliruka, akapiga miluzi, akajitia kuanguka. Mimi nilikuwa nikimwangalia mtu mzima anavyocheza huku macho yake mekundu. Nilipomtazama Bibi sikuona sura yake. Niliona ini. Neno hilo nililijua kwa Kiswahili kwa sababu Mama alikuwa akinilazimisha kula maini kila Jumapili, na hata leo siwezi kuyala.

Siku ya nne ya matembezi hayo Baba alikwenda hospitali kuchukua ripoti, akatuacha na Selvam atupeleke Mylapore kulitazama hekalu. Hatukuingia ndani. Tulikaa garini tukitazama juu. Lango lake ni mnara, na mnara wote ni masanamu, mamia na mamia, ya rangi zote, watu na ng'ombe na tausi, yamepandana mpaka mbinguni. Nilitazamia Bibi ageuze uso. Badala yake alivuta uradi, akasema astaghfirullah mara kadhaa, na wala hakuondosha macho. Mwisho akaniuliza: "Hebu, na vumbi lake anapangusa nani?" Nikamuuliza Selvam kwa Kiingereza, naye akacheka mpaka akaegemea usukani.

Tulikuwa njiani kurudi hotelini tuliposikia ngoma. Gari zilisimama. Mbele yetu barabara ilikuwa imejaa maua, petali za waridi na za manjano zimemwagwa kwenye lami, na wanaume wanacheza, mashati yamelowa, mikono juu. Fataki zikalia, tatata! Ngoma zile zilikuwa bapa, zikipigwa kwa vijiti, kali, huwezi kukaa kimya. Bibi aliteremsha kioo mpaka chini. Uso wake wote ulifunguka, kwa mara ya kwanza tangu tumfuate Unguja. "Harusi!" alisema. "Si n'likwambia? Harusi hiyo, mke mwenza, waje tuwaone maharusi!"

Akaweka kiganja mdomoni, akapiga vigelegele.

Mnajua vigelegele vya wanawake wa Unguja. Havikuwa vya kunong'ona. Vilipanda, vikakata ngoma katikati, watu wakageuka. Mimi nikapiga makofi. Selvam akageuka nyuma, macho yamemtoka, anapunga mikono yote miwili: "Hapana, madam! Hapana, hapana!" Bibi akadhani anaona haya, akaongeza cha pili, na cha tatu kirefu zaidi.

Na hapo gari lenyewe likafika ubavuni mwetu, taratibu, la wazi, limefunikwa asumini kutoka magurudumuni mpaka juu. Ndani yake alilala bibi mmoja mzee. Uso wake ulikuwa wazi. Kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini, na pamba puani. Alipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa shavu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona maiti, na nilikuwa bado nimeshikanisha viganja nikipiga makofi.

Kigelegele cha Bibi kilikatika kooni. Mwanamme mmoja katika wale wachezaji, jasho na machozi yamechanganyika usoni, alimtazama Bibi moja kwa moja. Nilingoja atutukane. Aliendelea kucheza huku akitutazama mpaka umati ukamchukua. Mtu fulani akarusha maua, na mengine yakaingia dirishani yakaanguka mapajani mwa Bibi. Harufu ya asumini ikajaa mle garini.

Selvam alituegesha kando, kwenye kivuli cha ukuta, akashuka kwenda kutununulia maji. Nadhani alitaka tu kutuacha. Bibi aliinamia mapaja yake. "Toba," alisema. "Toba, toba. Nimempigia maiti vigelegele. Mama wa watu." Aliyaokota yale maua moja moja kutoka mapajani, akayashika, hajui ayaweke wapi.

Halafu, bila kunitazama, akaniuliza: "Mke mwenza, yule daktari wa miwani alisema nini?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Alisema vidonda vya tumbo tu, Bibi."

"Hayo kayasema baba yako. Mimi nakuuliza daktari."

Niliangalia kama Selvam anarudi, sikumwona. Kwa Kiingereza ningeweza kuzungukazunguka, kutafuta neno laini. Kwa Kiswahili sikuwa na maneno laini. Nilikuwa na yale machache ya jikoni na ya kwenye simu, basi nikayatoa kama yalivyo. "Ugonjwa umefika kwenye ini," nilisema. "Daktari hataki kukata. Amesema urudi nyumbani. Amesema miezi."

"Mingapi?"

"Michache."

Nilifikiri atalia. Nilifikiri ataanguka pale pale afe, kama Baba alivyosema. Mbona alikasirika! "Mshenzi yule!" alisema. "Siku nne ananizungusha juani kuniangaliza minara na masanamu! Siku nne! Na mimi nina watu wa kuomba radhi, nina nyumba sijaiandikia wasia, nina saumu za kulipa!" Alipiga kiti cha mbele kwa ngumi, mara mbili. Kisha akaniona nalia, akanivuta kifuani. Alikuwa mifupa mitupu.

Mwisho aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza dukani: "Baba yako usimwambie kama nimejua. Anaona raha kunitembeza. Tangu ende Ulaya sijakaa naye siku nne mfululizo. Mwache. Lakini nikishazikwa, mwambie hivi: Mama yako kakuwia radhi, la uongo na la kweli, na maziwa yake kakuhalalishia. Sema."

Kwetu mama akikuhalalishia maziwa aliyokunyonyesha, hana tena la kukudai. Nikasema, nikakosea. Akanirudisha. Nikakosea neno kuhalalishia, akanirudisha tena, mpaka likatoka bila kukwama. Selvam alipofungua mlango na chupa za maji, alitukuta tunakariri kama tuko chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani.

Jioni ile ile Baba alitupeleka kwenye mtaa wa maduka ya hariri, ghorofa juu ya ghorofa, rangi mpaka macho yanauma. Alitaka amnunulie mama yake kitu cha thamani. Bibi alizipita hariri zote, akaenda pembeni, akachagua kitambaa cha pamba, cheupe tupu, akakipapasa, akakinusa, akahesabu wari zake kwa mkono. "Cha mashuka," alisema. Baba akamcheka, akasema Bibi Rukia afunge safari mpaka India anunue mashuka, na akamsaidia kupatana bei. Alikibeba yeye mwenyewe begani mpaka hotelini. Miezi mitano baadaye, Unguja, ndicho kilichokuwa sanda yake, na Baba hakukitambua.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Baba alikwenda mazikoni, akarudi London amepungua nusu. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyakariri kitandani miezi yote ile nisije nikayasahau. Nikashuka ngazi, nikafika mlango wa sebule. Baba alikuwa sakafuni, picha za Chennai zimetawanyika mbele yake, analia kwa sauti, mdomo wazi. Sikuwahi kumwona hivyo. Na hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno yake: akijua, atakufa upesi. Daktari alisema miezi. Mimi nilimwambia, naye akafa katika mwezi wa tano. Nilipiga hesabu za mtoto, na jibu lililotoka ni kwamba nimemuua bibi yangu kwa Kiswahili changu kibovu. Nikifikisha salamu zile, Baba ataniuliza Bibi alijuaje.

Nikapanda ngazi nikarudi kulala. Nikanyamaza wiki, nikanyamaza mwaka. Nikakua, nikasoma, nikaolewa, nikakisoma Kiswahili kwa bidii mpaka watu wakadhani nilizaliwa Unguja, na sentensi ile moja bado nimeifungia ndani.

Mwaka jana ikawa zamu ya Baba. Hapa hapa London, hospitalini, nimekaa naye kwenye chumba kidogo chenye sanduku la tishu mezani, daktari msichana akamgeukia yeye mwenyewe, akamwambia kila kitu: ugonjwa gani, umefika wapi, matibabu yatakuwaje, nafasi ikoje. Dakika kumi. Akatupa na kijitabu. Mimi nilishtuka kuliko mgonjwa. Kila kitu cha kizamani ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele: nyamaza, dada, mgonjwa haambiwi!

Tulirudi Queensbury tukasimama nje ya nyumba. Nilizima gari. Baba hakufungua mkanda. Alisema: "Bora wamenambia. Nitapata kutengeneza mambo yangu, kuomba watu radhi. Mama yangu mimi nilimnyima hayo." Alikitazama kile kijitabu. "Nilimdanganya mpaka kaburini, Sabra. Miaka yote hii kila nikisali naomba, sijui kama ameniwia radhi au vipi. Kesho keshokutwa nitakutana naye, nitamwambia nini?"

Nilikuwa nimejidhania mimi ndiye niliyebeba mzigo. Sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba alichonipa Bibi hakikuwa siri yangu hata kidogo. Kilikuwa mali ya mtu huyu hapa, na mimi nimekaa nacho zaidi ya miaka ishirini, nikiingia na kutoka nyumba hiyo hiyo, nikimpikia chai, nikimwona anavyosali akirefusha sijda, nikijiuliza anaomba nini kirefu hivyo.

"Alijua, Baba," nilisema. "Mimi nilimwambia. Siku ya nne, garini." Na nikamweleza yote, vigelegele, maiti, ini, ngumi kwenye kiti. Hata neno mshenzi nililitaja. Alinisikiliza amekodoa macho mbele, kwenye kioo.

"Miaka ishirini," alisema mwishowe. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Ulikuwa nayo miaka ishirini."

"Nilidhani nimemuua."

Akanigeukia. Nadhani alitaka kunigombeza, na haki anayo. Lakini kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa kitu kingine. "Sema alivyosema. Usibadilishe neno."

Nikasema: "Mama yako kakuwia radhi, la uongo na la kweli, na maziwa yake kakuhalalishia."

Baba aliinamisha kichwa kwenye dashibodi. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. "Tena," alisema. Nikarudia. "Tena." Nikarudia, majirani wakapita na mifuko yao ya sokoni, wakatuchungulia dirishani, na mimi nikazidi kurudia mpaka yeye mwenyewe akaanza kuyatamka pamoja nami.